Peloponnese ni rasi, jamani

Juzi nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisoma habari za moto wa msituni katika "kisiwa cha Peloponnese". Si mara ya kwanza, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Peloponnese ni rasi: nchi iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, ila mahali pamoja imeshikana na bara. Iko kusini mwa Ugiriki, ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na Sparta, Olympia na Mycenae zote zimo humo. Basi.

Kinachoponza watu ni jina. Pelopos nesos ni "kisiwa cha Pelops". Huyu Pelops, kwa hekaya za Wagiriki, alichinjwa na baba yake Tantalos, akapikwa, akaandaliwa miungu. Demeter, mmoja wa miungu hao, mawazo yakiwa mbali, akala bega. Walipomfufua kijana wakambandika bega la pembe ya ndovu. Jina lililotoka kwa mtu wa namna hiyo unalichukua kama ramani? Tena Wagiriki hawakuwa wakali na neno nesos. Rasi yoyote waliiita khersonesos, yaani kisiwa cha nchi kavu. Kilatini nacho kikasema paeninsula, "karibu kisiwa". Sisi tumechukua ras ya Kiarabu, kichwa, tukaitumia kwa yote mawili: Peloponnese nzima ni rasi, na ile ncha yake ya kusini, Tainaron, nayo ni rasi. Hapo nakubali, lugha yetu imetuchanganya kidogo.

Mjuaji atadakia: na Mfereji wa Korintho je? Kweli, mwaka 1893 shingo ile ya nchi ilikatwa, kilomita 6 na ushei, kazi ambayo Nero, mfalme wa Roma, aliianza mwaka 67 BK ikamshinda. Ni mfereji mwembamba, chini una mita 21 tu, na madaraja ya miishoni mwake hayainuliwi: huzamishwa majini, chombo kikapita juu yake. Lakini kama mtaro wa kuchimbwa unazaa kisiwa, basi Afrika ni kisiwa tangu Suez ifunguliwe mwaka 1869, na watu wa Dodoma nao ni wa visiwani.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema "rasi ya Peloponnese", au "Peloponnese" peke yake yatosha. Visiwa vipo, lakini viko ng'ambo ya maji: Kythira kusini, Hydra na Spetses mashariki.