Weka Nyundo Chini: Fanicha za Kale za China na Viungo Vyake

Kiti kikianza kulegea, wengi wetu tunatafuta nyundo na msumari wa inchi mbili. Kwa stuli ya jikoni, sawa. Lakini kama ulichonacho ni kiti cha mbao ngumu cha China, cha enzi ya Ming (1368–1644) au ya Qing iliyoifuata, iache nyundo ilipo. Uharibifu tunaokutana nao katika karakana ya uhifadhi mara nyingi si wa mchwa. Ni wa mtu aliyetaka kusaidia.

Aliyekitengeneza hakukosa misumari. Alijua kwamba ubao, hata ukikaa miaka mia, haujafa kabisa: hewa ikiwa na unyevu huvimba, ikikauka husinyaa, tena kwa upana zaidi kuliko urefu. Beijing kiangazi ni joto na mvua, na majira ya baridi ni makavu hadi midomo inapasuka. Ubao mpana uliopigiliwa pande zote utakwenda wapi? Utapasuka tu.

Dawa yake imo kwenye uso wa meza. Miti minne inaunda fremu, kona zikikutana kwa nyuzi 45. Upande wa ndani wa fremu umechimbwa mfuo, na ubao wa katikati una ulimi mwembamba unaoingia humo bila kubanwa na bila gundi. Chini yake yanapita mataruma yenye umbo la mkia wa njiwa, yaliyosukumwa kutoka ubavuni, kazi yake kuuzuia ubao usipinde huku yakiuachia utanuke. Wakati wa ukavu utaona upenyo mdogo kati ya ubao na fremu. Huo si ubovu! Niliwahi kuletewa meza ambayo mwenyewe aliujaza upenyo huo puti, akaipiga na rangi ifanane. Unyevu uliporudi ubao ukavimba, ukakosa nafasi, ukaifungua kona ya fremu iliyokuwa imeshika tangu enzi za wafalme.

Wachina wanauita ufundi huu sunmao, yaani ulimi na tundu, jambo ambalo seremala wa Lamu au Keko hahitaji kufundishwa. Tofauti ni umbali waliofika nao. Chukua kiti cha egemeo la mviringo, quanyi. Egemeo linazunguka nyuma ya mgongo na kuteremka hadi viganjani kama kiatu cha farasi. Mti uliojikunja hivyo haupatikani msituni, kwa hiyo egemeo linaungwa kwa vipande vitatu au vitano vilivyochongwa kwa mviringo. Mwisho wa kila kipande umekatwa nusu ili umlalie mwenzake, na ncha yake ina kijino kinachozama kwenye kitundu cha mwenzake. Katikati ya maungio pana tundu la pembe nne. Fundi anaingiza hapo kabari ya mti, anaigonga taratibu, na kila inavyozama vipande viwili vinasukumana hadi vijino vikae barabara. Baada ya hapo haviendi mbele, nyuma, juu wala chini. Pitisha kidole: ni laini tupu, jicho ndilo linaloona mstari mwembamba. Wageni wa makumbusho hupenda kupiga picha majoka yaliyochongwa. Mimi nawavuta waje waione kabari.

Gundi ilikuwepo, ya samaki au ya ngozi, lakini ilitumika kidogo, na huachia kwa maji ya moto. Ndiyo maana kiti kinaweza kufunguliwa, kutengenezwa na kufungwa upya. Ukimwaga gundi ya kisasa, ile ya kuchanganya chupa mbili, umemfungia mlango kila fundi atakayekuja baada yako.

Mbao zenyewe zina undugu na za kwetu. Huanghuali, mti wa kahawia ya dhahabu wa kisiwa cha Hainan, ni Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo. Zitan, mzito kiasi cha kuzama majini, ni Pterocarpus kutoka kusini mwa India, ukoo wa mninga. Mwaka 1567 serikali ya Ming ililegeza marufuku ya biashara ya baharini, na mbao ngumu za Kusini-Mashariki mwa Asia zikafika kwa wingi zaidi, zikachongwa katika karakana kama za mji wa Suzhou, China. Leo jamii yote ya Dalbergia imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, basi usinunue wala kusafirisha bila hati.

Msasa nao tafadhali kaa nao mbali. Uso wa mbao hizi ulikwanguliwa kwa chuma, ukasuguliwa kwa majani makavu yenye chembe ngumu kama mchanga, kisha ukapakwa nta. Mng'ao unaouona ni wa hiyo kazi pamoja na mikono ya vizazi. Vanishi mpya inaufuta kwa mchana mmoja.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu ya Wang Shixiang (1914–2009), msomi wa Beijing aliyekaa na maseremala akaokota majina ya viungo midomoni mwao. Vipande 79 alivyokusanya viko Makumbusho ya Shanghai.

Wewe uliye na kiti nyumbani: usikiweke mbele ya kiyoyozi wala dirisha la jua. Ukikihamisha, kamata chini ya kikalio, kamwe si egemeo. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Na kabari ikidondoka, hata kama ni ndogo kama njiti ya kiberiti, itie kwenye bahasha, andika juu yake imetoka kiungo gani na upande upi, uje nayo.