Imani na elimu ya mzazi katika matibabu ya mtoto: maswali na majibu

Je, ni kweli kwamba elimu ya mama inahusiana na uhai wa mtoto?

Ndiyo. Mwaka 1979 mtafiti John Caldwell alionyesha, kwa takwimu za Nigeria, kwamba watoto wa akina mama waliosoma walinusurika kifo zaidi hata pale ambapo kazi ya baba ilikuwa ileile. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2021 ulikuta kila mwaka mmoja wa ziada wa shule kwa mama ukiendana na upungufu wa karibu asilimia 3 wa vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Elimu ya baba nayo inasaidia, ila kwa takribani nusu ya hapo.

Mbona shuleni hakufundishwi kulea wala kutibu?

Hakufundishwi, na faida yenyewe haitoki kwenye somo la baiolojia. Aliyesoma huweza kusoma maelezo kwenye chupa ya dawa na tarehe kwenye kadi ya kliniki. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuthubutu: humuuliza daktari "dawa hii ni ya nini?", na mtoto akianza kupumua kwa shida usiku hangoji ruhusa ya mtu.

Mtoto anaharisha. Wazee wanasema ni meno, tumpunguzie maji. Ni sawa?

Hapana, na imani hii ni ya hatari. Ukiangalia ilikotoka, wala si ya kijinga: meno huanza kuota miezi ileile mtoto anapotambaa, anapotia kila kitu mdomoni na kuanza kula. Vijidudu humwingia kwa njia hiyo, lawama zikaenda kwa meno. Meno huwasha ufizi na kuleta udenda. Hayaleti kuhara wala homa kali.

Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo kumnyima maji ni kuuongezea ugonjwa nguvu. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi) kidogo kidogo, hasa kila anapoharisha. Akitapika, subiri kama dakika 10, kisha endelea polepole. Usiache kumnyonyesha wala kumlisha. Kituo cha afya watampa zinki, ambayo hutumika siku 10 hadi 14. Endelea kumpa hadi siku hizo ziishe, hata kama kuhara kumekoma. Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Basi wasomi hawakosei?

Hukosea, tena kwa kujiamini. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha andiko kuhusu watoto 12 tu, akahusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwaka 2010 jarida lililolichapisha lililifuta, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Hofu ile ilisambaa kwa magazeti, kisha kwa intaneti. Yaani kwa watu wanaosoma. Ndio haohao wanaodai antibiotiki kwa kila mafua, ilhali mafua ni ya virusi na antibiotiki haiviui.

Mama mkwe hataki kusikia habari za hospitali. Nifanyeje?

Usimdhihaki. Muulize anachoogopa, pengine aliwahi kuona mtoto akifikishwa hospitali amechelewa, akafia huko. Nenda naye kliniki, amuulize muuguzi mwenyewe. Akitaka kumwombea mjukuu wake, mwache amwombee. Dua na ORS havigombani.