Mzee katolewa wodini baada ya oparesheni ya tezi dume, sasa nyumbani inakuwaje? Maswali na majibu

Haya maswali nayapata sana kutoka kwa watu wa hapa Tanga wenye mzee ndani aliyetoka kupasuliwa, nikaona niyajibu pamoja. Hapa naongelea zaidi oparesheni ya tezi iliyovimba tu, ya saratani nitaigusa pale inapotofautiana. Na nianze na hili: kidonda kiko ndani, hakuna anayekiona, mzee akishaona hana maumivu anajihesabu kapona na hapo ndo shida zinapoanza.

Baba karudi na mpira wa mkojo, tunamhudumiaje?

Kwanza msiuchomoe hata akilalamika vipi, kule ndani ya kibofu mpira una kiputo kilichojazwa maji ndo kinaushikilia, ukivuta kwa nguvu unamchana njia ya mkojo. Utatolewa na nesi au daktari, kwa waliopitishiwa kifaa kwenye njia ya mkojo bila kuchanwa mara nyingi ni siku 1 hadi 3, waliochanwa tumbo inaweza kufika wiki moja au zaidi, inategemea.

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu saa zote, akilala utundikeni kwenye ubao wa kitanda, msimlaze nao pembeni na usiguse sakafu. Umwageni kabla haujajaa maana ukijaa unakuwa mzito unavuta mpira. Mpira wenyewe ubandikwe plasta pajani uwe umelegea kidogo. Kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada, halafu pale unapoingilia osha kwa maji na sabuni ya kawaida asubuhi na jioni, msipake spiriti wala dawa za kuoshea choo jamani, nimeshaona watu wanafanya. Suruali wekeni kando, msuli unatosha.

Kitu kingine, anaweza kusema mkojo umembana na huku mpira upo, hata ukachuruzika pembeni kidogo. Hiyo ni kibofu kinajikaza, kama mfuko unaendelea kujaa msihofu. Ila mfuko ukikaa mkavu na tumbo la chini linauma na kujaa, mpira umeziba, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Mkojo ulishakuwa safi, wiki ya pili umerudi mwekundu, amepasuka ndani?

Mara nyingi hapana. Pale palipokatwa panafunga gamba, na gamba hilo huwa linabanduka kwenye siku ya 10 hadi ya 14, damu inatoka tena. Apumzike na anywe maji, ukiwa kama juisi ya rozela iliyozimuliwa na unazidi kuwa mweupe kadiri anavyokunywa, mambo yako sawa. Ukiwa mzito, wenye mabonge, au haupungui, hospitali. Damu ya kuja na kuondoka inaweza kuonekana wiki kadhaa, hasa akijikamua chooni au akibeba kitu.

Anasema yuko fiti anataka baiskeli yake aende Ngamiani

Hili nalijua, Tanga kumnyima mwanaume baiskeli ni ugomvi. Lakini siti ya baiskeli inakandamiza palepale tezi ilipo, kwa hiyo hapana, wiki 6 angalau au mpaka daktari aseme. Bodaboda nayo hivyo hivyo, na barabara zetu za mitaani mnazijua. Akiwa na safari ya lazima achukue bajaji, dereva aambiwe aende taratibu. Kutembea ndo kuzuri, toka siku za mwanzo kabisa, azunguke uani, kesho afike msikitini, maana kulala muda wote kunafanya damu igande miguuni.

Kubeba: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo aisahau. Chochote kinachomfanya akaze tumbo asikinyanyue kwa wiki 4 hadi 6, wajukuu wenyewe ambao wanataka kubebwa wapandishwe mapajani akiwa kashakaa.

Ale nini?

Anachokula siku zote, ila choo kisiwe kigumu. Papai, machungwa (ya Muheza yamejaa msimu wake), mchicha, maharage. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo, huyo daktari ndo ampangie. Kahawa ya kijiweni apunguze, inakichokoza kibofu.

Mpira umetolewa sasa anajikojolea, na sala je?

Wengi inatokea, anahisi mkojo na kabla hajafika chooni umeshatoka. Kwa tezi ya kawaida hupungua ndani ya wiki chache, kwa waliotolewa tezi yote sababu ya saratani inaweza kuchukua miezi. Kuna zoezi: akaze kama anazuia ushuzi, ahesabu mpaka 5, aachie, arudie mara 10, kwa siku mara 3. Tumbo na matako visikaze, na asifanye mpira ukiwa bado ndani. Wakati huo avae pampasi za wakubwa, hazina aibu.

Kuhusu sala, mwenye kutokwa na mkojo bila kujizuia ana udhuru unaojulikana, sheikh wa msikiti wenu atawaelekeza namna ya kutawadha. Tatizo ni wazee wanaacha kunywa maji ili wasichafuke, mkojo unakuwa mkali halafu maambukizi yanaingia.

Mimi ni mkewe, naona haya kuuliza, ile kazi nyingine?

Uliza tu mama. Wiki 4 hadi 6 msubiri. Mkirudi anaweza kufika kileleni na kisitoke kitu, manii zinarudi nyuma kwenye kibofu, atazikojoa, hazina madhara yoyote. Nguvu zenyewe kwa tezi ya kawaida mara nyingi hubaki kama zilivyokuwa. Ya saratani ni habari nyingine, mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume inapita ubavuni mwa tezi, kurudi kunaweza kuchukua hata mwaka na zaidi na wengine hazirudi vizuri, kwa hiyo aongee na daktari wake. Vile vidonge vya mtaani asivinunue, akiwa anatumia dawa fulani za moyo presha inaweza kushuka ghafla akafa.

Lini tukimbie Bombo, hospitali yetu ya mkoa?

Mkojo ukikata kabisa. Homa ya 38 au kutetemeka. Mabonge ya damu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kubana au pumzi kukata, hii hata dakika msipoteze. Na kama alikuwa anatumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu asizirudie kwa kujiamulia, waulizeni waliompasua.

Sasa si ametolewa tezi, saratani haimpati tena?

Hapana, kwenye uvimbe wa kawaida inatolewa nyama ya ndani tu, ganda linabaki na saratani inaweza kuota humo, kwa hiyo kipimo cha damu cha PSA bado kinamhusu. Halafu ile nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, watu wengi hawarudi kuchukua majibu. Nendeni, na mbebe karatasi ya ruhusa yenye namba ya faili, bila hiyo mtazungushwa dirisha hadi dirisha.