Je, wajua ni kwa nini kaizari wa mwisho wa China hakuuawa?

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, wanamapinduzi wa Urusi walimpiga risasi Nikolai wa Pili pamoja na mkewe na watoto wao watano katika nyumba moja mjini Yekaterinburg. China ilikuwa imemwondoa kaizari wake miaka sita kabla ya hapo, lakini Puyi, wa mwisho wa ukoo wa Qing, ukoo wa Wamanchu uliotawala kutoka Beijing tangu mwaka 1644, alikuja kufa kwa saratani ya figo mwaka 1967, akiwa raia wa kawaida chini ya serikali ya Mao Zedong. Wengi hudhani kwamba alisalimika kwa bahati au kwa huruma. Ukifuatilia maisha yake utaona jambo jingine: kila aliyemtia mkononi alimwona kuwa na faida zaidi akiwa hai.

Puyi alizaliwa tarehe 7 Februari 1906. Mwezi Novemba 1908 Cixi, mjane wa kifalme aliyeishika China kwa karibu nusu karne, alimteua arithi kiti cha Guangxu, baba yake mkubwa Puyi, kisha Cixi naye akafariki siku moja tu baada ya Guangxu. (Watafiti walipopima nywele za Guangxu miaka mia moja baadaye walikuta aseniki ya kutosha kumwua mtu, ila hicho ni kisa kinachojitegemea.) Siku ya kutawazwa, mtoto huyo ambaye hata miaka mitatu hajatimiza aliangua kilio kwa baridi na woga. Baba yake, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kiti huku akimshikilia, akawa anambembeleza kwamba asilie, mambo yanakwisha sasa hivi. Maofisa waliosikia maneno hayo waliyachukulia kuwa ndege mbaya.

Mapinduzi yalianzia Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911, na tarehe 12 Februari 1912 Longyu, mjane wa Guangxu, alitoa tangazo la kung'atuka kwa niaba ya mtoto. Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu. Jenerali Yuan Shikai, aliyekuwa na jeshi lenye nguvu kuliko yote nchini, hakuhitaji damu ya mtoto wa miaka sita, alihitaji hati. Tangazo lile liliikabidhi jamhuri mamlaka ya dola nzima, pamoja na nchi za Wamanchu, Wamongolia na Watibeti, ambao wangeweza kudai kwamba utii wao ulikuwa kwa kaizari tu wala si kwa China. Kwa malipo ya hati hiyo, Puyi aliachiwa cheo chake, akaahidiwa ruzuku ya tael milioni 4 (tael ni kipimo cha Kichina cha madini ya fedha) kwa mwaka, na akaruhusiwa kuendelea kukaa kwa muda katika kasri la Beijing, yaani Mji Uliokatazwa.

Muda huo uliendelea hadi mwaka 1924. Kijana alikulia humo kama mfalme wa nyua na kumbi, akihudumiwa na mamia ya matowashi, akifundishwa Kiingereza na Mskoti Reginald Johnston, na alipopenda baiskeli aliamuru vizingiti vya milango vikatwe kwa msumeno ili apite bila kushuka. Novemba 1924 jenerali Feng Yuxiang alimfukuza, naye akakimbilia kwa Wajapani.

Kwa Wajapani faida yake ilikuwa dhahiri. Walipoivamia Manchuria, nchi ya asili ya Wamanchu kaskazini mashariki mwa China, mwaka 1931 walihitaji sura ya kuwaonyesha walimwengu kwamba nchi ile ilikuwa imejitenga kwa hiari, na hakuna sura iliyofaa kuliko ya mrithi wa Wamanchu wenyewe. Puyi aliwekwa kuwa mkuu wa dola ya Manchukuo mwaka 1932, na mwaka 1934 akaitwa kaizari. Wapo wanaomwonea huruma kama mfungwa aliyevishwa joho, lakini huruma hiyo ina mipaka: alikwenda akitamani kiti cha mababu zake, na aliidhinisha sheria zilizowatesa watu wa huko kwa miaka kumi na mitatu.

Agosti 1945 askari wa Kisovieti walimkamata katika uwanja wa ndege wa Shenyang alipokuwa njiani kutorokea Japani. Stalin naye hakumwua. Alimweka kizuizini, na mwaka 1946 akampeleka Tokyo kutoa ushahidi dhidi ya Wajapani, ambako Puyi alijitetea kwamba yote aliyafanya kwa kulazimishwa. Aliwaandikia Wasovieti akiomba abaki kwao, kwa kuwa aliamini kwamba China mpya ya Wakomunisti ingempiga risasi. Ombi halikukubaliwa, mwaka 1950 alirudishwa, na akapelekwa kwenye gereza la wahalifu wa kivita la Fushun akiwa mfungwa namba 981.

Mao na waziri mkuu wake, Zhou Enlai, walikuwa na hesabu yao. Kumwua kaizari lilikuwa jambo rahisi, na Warusi walikwisha kulifanya. Kumgeuza akawa mtu wa kawaida kungekuwa ushindi ambao mapinduzi mengine hayakuwa nao. Kazi haikuwa nyepesi. Mtu huyu wa miaka arobaini na kitu hakuwa amezoea kujifunga kamba za viatu wala kujikunjia matandiko, na ndugu zake waliofungwa pamoja naye waliendelea kumtumikia hadi walipotenganishwa. Kwa muda mrefu alificha vito chini ya sanduku lenye sehemu ya siri, mpaka mpwa wake alipomshinikiza akakiri.

Desemba 1959 alisamehewa. Alifanya kazi katika bustani ya mimea ya Beijing, akahamishiwa kwenye idara ya kukusanya kumbukumbu za kihistoria, na mwaka 1962 akamwoa muuguzi Li Shuxian. Wageni kutoka nje walipelekwa kumwona, na kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964 kilimweleza kama kielelezo cha mtu aliyebadilika. Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufagia mambo ya kale, yalipoanza, kielelezo hicho hakikuwa na thamani tena, na vijana wa Walinzi Wekundu walianza kumwandama; maradhi yalimchukua mwaka uliofuata.

Majivu yake yalihifadhiwa Beijing hadi mwaka 1995, yalipohamishiwa kwenye makaburi ya kibinafsi karibu na yale ya magharibi ya ukoo wa Qing. Mwenye makaburi hayo alikuwa anauza viwanja vya maziko, na jirani mwenye jina kama hilo alifaa sana kuvutia wateja.