Je, wajua kwa nini karata za sabacc zinajibadilisha namba zikiwa mkononi?

Sabacc ndio kamari maarufu kuliko zote kwenye ulimwengu wa Star Wars, zile muvi za vita vya angani, ndio karata ambayo mcheza kamari Lando Calrissian aliliwa mpaka chombo chake, Millennium Falcon, kikaenda kwa Han Solo. Cha ajabu karata zenyewe ni za umeme, ishara ikipita zinabadilika. Unashika 9, unageuka kunywa maji, ukirudi ni 14, au ni hasi 2. Sasa mtu mwenye akili timamu anawekaje hela kwenye kitu kama hicho?

Ukikaa vibanda umiza vya Mtwara mjini siku wakiweka hizi muvi zilizotafsiriwa, jibu linakuja fasta: hiyo ni dubwi tu, wameipeleka angani. Dubwi zile mashine za sarafu zinazokaa pembeni ya maduka, unatumbukiza mia mbili yako, taa zinazunguka, unaondoka mikono mitupu. Na ukifikiria juu juu wako sahihi, namba zinabadilika zenyewe, hujui saa ngapi, hupangi wewe, basi hapo kuna nini zaidi ya bahati na mwizi nyuma ya pazia.

Ila hapana. Na hii imani imeenea sana kwa hiyo acha niizungushe kidogo. Kwenye dubwi unapambana na mashine, na mashine imeshapangiwa ibaki na sehemu ya hela zako. Kwenye sabacc unapambana na waliokaa mezani na wewe, hela mnayogombania mmeitoa wenyewe, na mabadiliko yakija yanawapitia wote, hayachagui Lando wala Han. Bahati inayompiga kila mtu sawa haimpendelei yeyote. Inachofanya ni kuharibu kitu kingine kabisa, nacho ni kumbukumbu. Karata za kawaida ziko 52, mchezaji mkali anahesabu zilizotoka na mwishoni anajua kabisa mwenzake kabakiwa na nini. Kwenye sabacc ile 11 uliyoiona dakika tano zilizopita inaweza ikawa imeshakuwa kitu kingine, kwa hiyo mwenye kichwa cha kuhesabu hana tena faida yake. Akili bado inatakiwa, tena sana, ila imehamishwa kutoka kwenye kukariri kwenda kwenye kusoma watu.

(Na wale wanaosema tuliiona sabacc kwenye muvi ya kwanza ya 1977, ile ni dejarik, vijidubwana vinavyopigana juu ya meza kama sataranji, haina hela. Hata ile ya 1980, Han anamkumbusha tu Lando kwamba chombo alikipoteza kihalali, jina la mchezo halitajwi.)

Maelezo ya kina yalikuja kwenye riwaya ya L. Neil Smith ya 1983 kuhusu huyohuyo Lando, halafu vitabu na michezo iliyofuata vikaongeza na kurekebisha, ndio maana sheria hazifanani kila mahali. Toleo lililozoeleka lina karata 76. Hizo 60 ni za familia nne, chupa, sime, fimbo na sarafu, kuanzia 1 hadi 15. Zile 16 zilizobaki ndio vituko, nyingi zina thamani hasi, Malkia wa Hewa na Giza ni hasi 2, Nyota ni hasi 17, na Mjinga ni sifuri. Unatafuta jumla ya 23 au hasi 23. Ukipita huko juu au chini, au ukiangukia sifuri kamili, umelipuka, unalipa faini. Makapu ya hela yako mawili, moja la kila mkono linalochukuliwa na aliyeshinda raundi hiyo, lingine linakua tu na kukua mpaka mtu apate 23 safi.

Sasa tuje penyewe. Katikati ya meza kuna eneo lenye mawimbi yanayozuia ile ishara ya kubadilisha karata. Ukiiweka karata yako pale, imefungwa, haibadiliki tena. Watu wanalipita hili haraka kwenye maelezo wakati mchezo mzima umekaa hapa.

Chukua mnada wa korosho. Mkulima wa Tandahimba mzigo wake uko ghalani, siku ya mnada bei za wanunuzi zinasomwa, wakulima wanaulizwa mnakubali au mnakataa. Wakikataa, korosho inabaki ghalani na mnada ujao bei inaweza kupanda au ikashuka vibaya, wako nayo lakini hawajui wako na shilingi ngapi. Wakikubali, bei imefungwa, hata ikipanda wiki ijayo sio yao tena, na kijiji kizima kinajua wamepata ngapi. Oktoba 2018 walikataa kweli, na ikaishia serikali kutangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Karata iliyo mkononi ni korosho iliyo ghalani. Karata iliyolala kwenye mawimbi ni korosho iliyouzwa. Mfano haukai sawa kila upande, bei ya korosho inapanda na kushuka kwa sababu zake, ubora, wanunuzi, soko la nje, na wanaoamua ni wakulima kwa pamoja, wakati sabacc inabadilika bila sababu yoyote na unaamua peke yako. Ila ule ugumu wa kuachia au kushika ni uleule.

Tuseme umeshika 11 na 12. Hiyo ni 23, safi kabisa, kapu kubwa ni lako. Unafanyaje? Ukizifunga zote mbili haraka uko salama, lakini hata ukizilaza kifudifudi, kile kitendo kimeshaongea, kila mtu anaona huyu kapata kitu anachokiogopea, wanatupa karata zao na hakuna anayeongeza dau. Ukizishika ili wenzako waendelee kumwaga hela, kila sekunde ni hatari, ishara moja ikipita 12 inakuwa hasi 8 na umebaki na 3. Ukifunga moja tu unaacha mlango nusu wazi. Na kuna wahuni ambao wanachukua karata ya ovyo kabisa wanaifunga kwa mikogo, wengine wanatishika wanajitoa, mhuni anakusanya na karata yake ya 4. Hapo dubwi iko wapi? Kinachopimwa ni ujasiri wa kukaa na siri inayoweza kuoza.

Kuna mkono mmoja wa kuchekesha unaoipiga hata 23 safi. Mjinga, mbili, na tatu. Kwa hesabu ni 5, mkono wa kutupa, lakini ukizipanga zinasomeka 0, 2, 3, kwa hiyo wanaihesabu kama ishirini na tatu iliyoandikwa. Kwenye karata 76 wajinga wako wawili, mbili ziko nne, tatu ziko nne, ukigawiwa tatu kwa mpigo uwezekano ni kama mara moja kwenye 2,200, japo hii ni hesabu ya karata zilizotulia, zikianza kubadilika inakuwa habari nyingine. Kwenye katuni ya Rebels, mwaka 2015, Lando alimshinda Zeb, mmoja wa waasi, kwa mkono huohuo na dau lilikuwa roboti wa watu, wala sio wa Zeb peke yake.

Muvi ya Solo ya 2018 ikaja na aina nyingine, Corellian Spike, karata 62, familia tatu zenye chanya na hasi 1 hadi 10, na sifuri mbili, na unatafuta jumla ya sifuri, ile ambayo kwenye sabacc ya zamani ingekulipua. Karata hazibadiliki. Kazi ile wamepewa dadu mbili, mwisho wa kila raundi zinarushwa, zikifanana wote mnatupa mlichoshika mnachukua vingine idadi ileile. Kwa raundi tatu uwezekano wa kufagiliwa angalau mara moja ni kama asilimia 42, kwa hiyo hofu ipo, ila inakuja kwa ratiba. Gemu ya Star Wars Outlaws ya 2024 wao wakaisogeza mwisho kabisa, kuna karata tapeli ambayo thamani yake unaijua baada ya kurusha dadu wakati wa kufunua. Mimi naona ile ya umeme bado ni tamu zaidi, hizi zimekuwa za kistaarabu mno.

Faida ya Corellian Spike ni kwamba unaweza kuicheza leo hapahapa Mikindani. Chukua karata za kawaida, toa wazungu wote, acha jokeri mbili ziwe sifuri, ree iwe 1, nyeusi chanya, kopa na uru hasi. Unabaki na 42. Dadu chomoa kwenye ludo. Mkiwa wanne mara nyingi zitatosha, mkiwa sita na dadu zikafanana mara mbili mtaishiwa, itabidi mchanganye zilizotupwa mzirudishe, na hapo hakikisha anayechanganya hajavaa mikono mirefu maana kwenye muvi ya Solo Lando alikuwa anaficha karata hukohuko.