Operesheni ya kibofu kwa mtoto wa mgongo wazi: inatibu nini hasa?

Kikojozi tunamjua: analowesha godoro usiku, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, ambaye mkojo unamtoka mchana na usiku, si kikojozi, na kumfokea hakusaidii kitu. Kibofu chake hakipokei amri vizuri kutoka kwenye ubongo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliharibika pale uti wa mgongo uliposhindwa kufunga akiwa tumboni. Madaktari wanakiita kibofu nyurojeniki.

Kibofu chenye afya hulegea kikijaa huku mlango wake umebana. Wakati wa kukojoa mambo hugeuka, mfuko hubana na mlango hulegea. Mishipa ikiharibika, mpangilio huo huvurugika. Kwa mtoto mmoja mlango ni legevu, matone yanamtoka kutwa. Kwa mwingine mfuko ni mdogo na mgumu, unabana ovyo. Wa tatu mfuko na mlango vinabana kwa pamoja, mkojo hauna pa kupita, na shinikizo linaelekea juu kwenye figo. Huyu wa tatu anaweza kuonekana mkavu kuliko wenzake, mama akashukuru, kumbe figo ndizo zinazoumia. Ndiyo maana daktari anaanza kwa kupima shinikizo la kibofu na kuangalia figo, nepi zinafuata baadaye.

Kisu si hatua ya kwanza. Kwanza ni kupitisha mpira wa mkojo, yaani bomba jembamba linaloingizwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, kila baada ya saa tatu au nne, mkojo uishe, kisha mpira utolewe. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mikono na mpira safi vinatosha, si lazima viwe vimeuliwa vijidudu kama vya chumba cha upasuaji. Jambo hilo lilifanya kazi hii iwezekane nyumbani na shuleni. Pamoja na mpira hutolewa dawa ya kulegeza kibofu, kama oksibutinini, au sindano za botulinamu ndani ya kibofu, ambazo nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa.

Hayo yakishindwa, ndipo upasuaji unazungumzwa. Kama mfuko ni mdogo na mgumu, unaongezwa kwa kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe. Utumbo huo hupasuliwa kwa urefu, ukatandazwa na kushonwa juu ya kibofu kama kiraka; ukiachwa mviringo utaendelea kusukuma kama unavyosukuma chakula. Kama mlango ni legevu, shingo ya kibofu inabanwa, mara nyingi kwa mkanda wa utando mgumu wa tumboni mwake. Hapa pana mtego: ukibana mlango wa mfuko mgumu bila kuupanua, umezuia matone na kuzihatarisha figo.

Operesheni ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1980 daktari Mfaransa Paul Mitrofanoff alieleza namna ya kutumia kidole tumbo kama njia ya mkojo: ncha moja inapandikizwa kwenye ukuta wa kibofu, nyingine inatokea kwenye ngozi ya tumbo, siku hizi mara nyingi kitovuni. Kibofu kikijaa hukikandamiza kijia hicho, mkojo usivuje. Msichana anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye mwanzo alihitaji kulazwa na mtu mwingine ampitishie mpira, anaweza kujipitishia mwenyewe kitovuni akiwa amekaa.

Wazazi wengi husikia "operesheni" wakategemea mtoto atakojoa kama ndugu zake. Mara nyingi sivyo: atakuwa mkavu, lakini mpira ataendelea nao maisha yote. Familia isiyoweza kuifuata ratiba ya mpira haifai kuongezewa kibofu, maana kipande cha utumbo hutoa ute, ute na mkojo uliokwama huleta mawe na maambukizi, na kibofu kinahitaji kusukutuliwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi ya hospitali. Damu nayo hupimwa, kwa sababu utumbo hunyonya asidi kutoka kwenye mkojo.

Kubwa zaidi, kibofu kilichoongezwa kinaweza kutoboka, hasa kikiachwa kijae kupita kiasi. Mtoto wa mgongo wazi huenda asihisi maumivu sawasawa. Tumbo likivimba, akiwa na homa au anatapika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na maneno ya kwanza kwa daktari wa zamu yawe: huyu aliongezewa kibofu kwa utumbo.