Je, wajua kwa nini mgonjwa wa saratani hukonda hata akiwa anakula?

Mtu mzima mwenye afya akikosa chakula kwa siku kadhaa, mwili wake hubana matumizi: huchoma mafuta na kuitunza misuli kadiri unavyoweza. Saratani huvuruga utaratibu huo. Uvimbe, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao, humwaga kwenye damu kemikali zilezile ambazo kwa kawaida huleta homa. Zikifika kwenye ubongo hukata hamu ya kula. Zikifika kwenye misuli huchochea kuvunjwa kwa protini zake, na ini huzichukua protini hizo na kuzigeuza sukari. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumaliza sahani ileile ya mwaka jana na bado suruali ikamlegea, au akashindwa kuinuka kitini wakati kitambi bado kipo.

Dalili ya hatari ni kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu, na kanga au koti huzificha vizuri. Basi apimwe kila wiki, mizani ileile, asubuhi. Aliyekonda huzidiwa haraka na makali ya dawa, na mara nyingine huambiwa arudi nyumbani kwanza apate nguvu. Kwa mtu aliyesafiri kutoka Kondoa au Mpwapwa hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kurudishwa hivyo ni pigo kubwa.

Hapo ndipo ushauri wa mtaani unapoumiza watu: mnyime sukari, mnyime nyama, mnyime wanga, ili uvimbe ufe njaa. Chanzo chake ni jambo la kweli lililoeleweka vibaya. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aligundua kuwa seli za saratani hutumia sukari nyingi kuliko seli za kawaida. Lakini ukimnyima mgonjwa ugali, ini lake litatengeneza sukari kutoka kwenye misuli, na uvimbe utakula kama kawaida. Anayekonda ni mgonjwa, si uvimbe.

Daktari mmoja aliyevutia watu wengi kwa wazo la kutibu saratani kwa mlo ni Max Gerson, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1881. Alianza na mlo usio na chumvi kwa wenye kipandauso, akaupeleka kwa wenye kifua kikuu cha ngozi, kisha, baada ya kuhamia Marekani mwaka 1936, akautumia kwa saratani: juisi kila saa, bila chumvi, na kahawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1958 alichapisha kitabu chenye visa 50 vya wagonjwa wake. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipitia visa 10 mwaka 1947 na hivyo 50 mwaka 1959, na mara zote mbili haikuona ushahidi kwamba mlo huo uliwasaidia. Kahawa hiyo imewahi kuua, kwa sababu huvuruga madini ya damu. Gerson alikuwa sahihi kuamini kwamba chakula ni sehemu ya matibabu. Alikosea kukifanya kiwe matibabu yenyewe.

Mgonjwa anahitaji kalori 25 hadi 30 na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anahitaji basi kalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 50 hadi 75. Tatizo ni kwamba anashiba baada ya vijiko vichache. Kumsihi amalize sahani hakusaidii. Kinachosaidia ni kujaza chakula kingi ndani ya bakuli dogo, na kumpa mara sita kwa siku.

Uji mwepesi wa mililita 300 wenye vijiko vitatu vya chakula vya unga una kalori 100 hivi. Ukiongeza unga unakuwa mzito kama ugali na haumezeki. Suluhisho analijua kila mama wa Ugogoni aliyewahi kutengeneza togwa: kimea. Loweka ulezi au uwele usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, anika juani, sugua machipukizi yatoke, saga. Usitumie mtama, kwa sababu machipukizi yake yana sumu ya sianidi. Sasa pika uji kwa vijiko sita vya unga, epua, uache upoe kidogo mpaka uache kutokota, koroga kijiko kimoja cha kimea. Ndani ya dakika kama kumi uji mzito unalegea na kumiminika, kwa kuwa kimeng'enya cha kimea, yaani protini inayovunja chakula, kinakata wanga. Ukitia kimea uji ukiwa bado unachemka, kimeng'enya kinakufa na uji unabaki mzito. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena, maana kimea hubeba vijidudu vingi. Hautakuwa mzito tena. Ongeza vijiko viwili vya karanga iliyosagwa na kimoja cha mafuta ya alizeti: bakuli lilelile sasa lina kalori zaidi ya 500.

Karanga zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na yenyewe husababisha saratani ya ini.

Mdomo ukikauka, mlenda uliopikwa kwa karanga hupita vizuri kooni. Nyama ikiwa na ladha ya chuma, mpe mayai au maharage, na kijiko cha mti badala ya cha bati. Ubuyu na ukwaju huamsha ladha, ila mdomo ukiwa na vidonda huunguza. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya dawa ya saratani, kinga huwa chini kabisa: maziwa yachemshwe, mayai yaive mpaka kiini kigande, zabibu zioshwe kwa maji safi. Homa ya nyuzi 38 siku hizo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Kwa saratani ya koo la chakula, ambayo ni nyingi Afrika Mashariki, mgonjwa mara nyingi huishia kulishwa kwa mpira unaopeleka chakula tumboni. Uji wa kimea unafaa, lakini uchujwe. Chembe za karanga huuziba mpira. Pitisha mililita 30 za maji kabla na baada ya kila mlo, na mgonjwa akae wima nusu saa baada ya kula. Aliyekaa zaidi ya siku tano bila chakula cha maana asijazwe ghafla: madini ya damu yanaweza kushuka hadi moyo ukayumba. Siku mbili za kwanza apewe nusu tu ya mahitaji yake, akiwa wodini, damu yake ikipimwa.